Usiite tamaa yako mapenzi

Ndugu zangu, leo kuna watakaonuna, lakini acha niseme. Neno "kupenda" tumelitwisha mzigo mkubwa mno. Mtu anapenda chipsi mayai, anapenda Simba au Yanga, anampenda mama yake mzazi, na mtu huyo huyo anakwambia "anampenda" binti wa kidato cha pili aliyemwona kituoni juzi jioni. Neno ni hilo hilo moja. Ndiyo maana mwanaume mwenye kitambi na watoto wanne anaweza kusimama kizimbani bila aibu na kusema: mheshimiwa, sisi tulikuwa wapenzi.

Wapenzi? Kazi yangu ya uandishi hunipeleka mahakamani mara kwa mara, na utetezi huo nimeusikia mpaka nimeuchoka. Bahati nzuri sheria haisikilizi nyimbo hizo. Tangu ilipopitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, mwanaume mzima anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wake amebaka, hata kama binti alikubali kwa mdomo wake, na adhabu inaanzia miaka 30 jela. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikaongezewa kifungu: ukimpa mimba mwanafunzi, miaka 30.

Lakini sheria humsubiri mtu atende ndipo imkamate. Mimi nataka tuzungumzie kilichotangulia, kile kinachoanzia moyoni na kuvaa jina la mapenzi.

Simlaumu mtu kwa kuvutiwa na mwenzake. Mwenye damu huvutiwa, na anayejifanya hajawahi ni mwongo. Tamaa ninayoisema ni ile inayomtazama mtu na kuona kitu. Hebu sikiliza tunavyozungumza vijiweni: "nimemuopoa", "nimemla", "kile kifaa", "ule mzigo". Samaki huopolewa, ugali huliwa, mzigo hubebwa ukatuliwa. Hakuna anayemuuliza samaki anataka kuwa nani akimaliza shule. Na ukishashiba, sahani unaisukuma pembeni.

Jambo hili ni la kale. Wanaosoma Biblia wanaijua habari ya Amnoni, mtoto wa mfalme Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli sura ya 13. Alimtamani Tamari, dada yake wa baba mmoja, mpaka akaugua. Akajifanya mgonjwa hoi ili binti aje kumpikia. Tamari alikataa, akamsihi, hakusikilizwa. Na alipomaliza haja yake, je, alimkumbatia? Alimchukia kuliko alivyokuwa "amempenda", akamwita mtumishi amtoe nje na kufunga mlango. Pima mwenyewe: mapenzi gani yanayokufa palepale yanaposhibishwa?

Na msidhani ni ugonjwa wa wanaume peke yao. Habari ya Nabii Yusuf inajulikana misikitini na makanisani. Mke wa bwana wake alimtaka, kijana akakataa, na mwisho wake akasingiziwa na kutupwa gerezani. Anayekupenda ukimkatalia anaumia. Anayekutamani ukimkatalia anakukomoa.

Sasa tuje kwetu, maana najua wasomi mmeanza kutikisa kichwa mkidhani nawasema wengine. Kukomoa huko ndiko kunakotokea vyuoni na maofisini. Mhadhiri ameshikilia matokeo ya binti. Bosi ameshikilia mkataba wa ajira. Hata sisi wa vyumba vya habari tusijitoe, tunajua mhariri anavyoweza kumkalia binti wa mafunzo kwa vitendo mpaka habari zake zisitoke. Wote hao ukiwauliza watakwambia "nimempenda". Kama umempenda, mbona umeanza kwa kumtafutia pa kumbana? Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, ililitaja jambo hilo kwa jina lake: kutumia mamlaka yako kudai ngono ni kosa la rushwa. Adhabu iliyowekwa, faini isiyozidi shilingi milioni tano au jela isiyozidi miaka mitatu, au vyote viwili, mimi naiona ndogo. Lakini angalau sheria haikuita mapenzi.

Wapo watakaonijibu kwa methali: kipenda roho hula nyama mbichi. Haya, tuichambue. Mwenye kula nyama mbichi katika methali hiyo ni yule apendaye. Yeye ndiye anayekubali taabu kwa ajili ya anachokipenda, na tumbo likiuma ni lake. Sisi tumeigeuza. Tunakula sisi, linaloumia ni tumbo la mwingine.

Na hapo sitanii. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Mwaka 2017 ikatamkwa hadharani, tena na Rais mwenyewe, kwamba akishazaa harudi. Mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurejea kwenye mfumo rasmi. Katika miaka yote hiyo, niambieni, ni "wapenzi" wangapi waliacha kazi zao ili wakae nyumbani na yule binti? Ukitaka kujua kama ni mapenzi au tamaa, usiulize moyo wako, utakudanganya. Uliza gharama analipa nani.

Najua swali linalofuata: mbona mabinti nao wanachuna mabuzi? Ni kweli, wapo. Mwanamke mzima anayemwona mwanaume kama pochi yenye miguu naye amemfanya mtu kuwa kitu, na simtetei. Lakini usimchanganye huyo na mtoto wa miaka 16 aliyesimama kituoni saa nzima huku makondakta wakimkatalia kupanda kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Gari dogo linasimama, kioo kinashuka, lifti inatolewa. Kesho lifti, keshokutwa chipsi kuku, wiki ijayo simu. Huyo hakuchuna buzi. Huyo alihitaji kufika nyumbani kabla ya giza, na kuna mtu aliyeiona shida hiyo kama mlango ulioachwa wazi. Mwenye upendo angeiona shida ile ile akamgombeza kondakta.

Mwaka 2008, nikiwa bado mtoto mdogo, redioni yalianza kusikika matangazo ya jamaa aitwaye Fataki, mtu mzima mwenye maneno matamu kwa mabinti wadogo. Jina likahamia mtaani na mpaka leo kila mtu anajua fataki ni nani. Ninachokipenda katika matangazo yale ni kwamba Fataki hakushindwa kwa sababu dhamiri ilimsuta. Alishindwa kwa sababu watu waliokuwa karibu waliingilia kati. Sisi jina tumelibeba, hilo la kuingilia tumeliacha redioni. Tunamwona fataki, tunamjua, tunacheka, tunampisha meza, na bia yake tunakunywa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Rafiki yako akikusimulia alivyomla mtoto wa watu, usicheke. Mwambie alichofanya kinaitwaje. Mwenzako wa ofisini akimkalia binti wa mafunzo kooni, sema kabla binti hajalazimika kusema peke yake. Na wewe mwenyewe, siku utakapotaka kutamka "nakupenda", jiulize kwanza maswali mawili. Akinikatalia leo, kesho nitamtakia mema? Na mambo yakiharibika, nani ataumwa tumbo? Kama majibu yanakutia aibu, basi funga mdomo, washa gari, nenda nyumbani.

Naomba kutoa hoja.