Joka, Wakonyingo na Somo la Insha

Katika muhula uliopita, mwanachuo mmoja aliyekuwa akijiandaa kwa mazoezi ya kufundisha alinijia hapa Muheza na kitabu kinene chenye picha ya joka jaladani. Alitaka kukitumia katika somo la Kiswahili. Mwalimu mwenzangu aliyekuwapo alikifunua, akakirudisha mezani, akasema kwamba hatukuajiriwa kufundisha mazimwi. Siku ile sikuwa na jibu. Sasa ninalo, nami nalitoa hapa kwa kuwa naona kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya haki.

Kitabu kile ni cha jamii ya michezo iliyoanza Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani. Mmoja wao ndiye msimulizi, naye hueleza mahali walipo na hatari iliyo mbele yao. Kila mmoja wa wengine huchukua nafsi ya mtu wa hadithi na kusema atatenda nini, na dadu hurushwa ili kuamua kama tendo limefaulu. Mwaka 1977 kilitolewa kitabu cha viumbe wa mchezo huo, Monster Manual, na vingi vya namna hiyo vimefuata. Humo joka jekundu hupuliza moto, jeupe hupuliza baridi kali, na jeusi hutema tindikali. Mbilikimo wake ni wachimbaji wa milimani wanaoona gizani. Mengi yametoka katika ngano za kale za Ulaya ya kaskazini, na mengine kwa J.R.R. Tolkien, ambaye katika The Hobbit ya mwaka 1937 alisimulia habari za joka lililolalia hazina ya mbilikimo.

Msomaji atauliza, hayo yanamhusu nini mtoto wa Muheza? Kwa viumbe wenyewe, hayamhusu sana. Lakini tuutazame mpango wa kitabu. Kila kiumbe amepewa makao, tabia, nguvu, na mpaka wa nguvu hiyo. Msimulizi hawezi kumwua kwa sababu amechoka kusimulia, wala mchezaji hawezi kumshinda kwa kutamka tu kwamba amemshinda. Kuna sheria, na ndani ya sheria hiyo mchezaji sharti afikiri.

Sisi aghalabu hufundisha hadithi kwa kuisoma, kuirudia, na mwishoni kuuliza: hadithi hii inatufundisha nini? Mwanafunzi hujibu kwamba uvivu ni mbaya, au kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye hupata alama zake. Hakulazimika kuamua jambo lolote. Matokeo yake tunayaona katika insha: shujaa huokoka bila sababu, na zimwi hufa kwa kuwa kengele imelia.

Kwa hiyo nilimshauri mwanachuo yule auchukue mpango na kuuacha mzigo. Joka tunalo letu. Katika hadithi ya Sultan Darai, iliyomo katika mkusanyo wa ngano za Unguja alioutoa Edward Steere mwaka 1870, nyoka wa vichwa saba anamiliki nyumba kubwa iliyojaa mali. Paa, mnyama mdogo, anaingia humo, anamkuta bibi kizee, na kumngoja mwenye nyumba akiwa na upanga. Nyoka anaingiza kichwa kimoja kimoja, navyo vinakatwa kimoja kimoja. Paa anampa nyumba hiyo bwana wake, maskini aliyekuwa akipekua jaani kutafuta punje za mtama. Bwana anamdharau paa alipougua, paa anakufa, na mwishowe bwana anajikuta amerudi jaani.

Tuliisimamisha hadithi mlangoni. Tuliwaambia wanafunzi wa darasa la sita: nyoka ana vichwa saba, lakini mlango ni mmoja. Ninyi ndio paa. Mtafanya nini? Mmoja alitaka kuichoma nyumba. Wenzake walimpinga kwamba bibi kizee yumo ndani, na mali pia. Mwingine aliuliza kama kichwa cha kwanza kikikatwa, vile sita vitajua. Katika miaka yote ya kuuliza hadithi inatufundisha nini, sikupata hata mara moja swali la namna hiyo kutoka kwa mtoto. Vikundi viliandika uamuzi wao na sababu zake. Badala ya dadu tulitumia vipande sita vya karatasi vyenye namba, ndani ya kopo.

Hapa sina budi kueleza kosa langu, maana ndipo ilipo haki ya mwenzangu. Somo la pili lilihusu mbilikimo, nami niliwasomea wanafunzi sifa zao kama zilivyo katika kitabu: wote ni wafupi, wote ni wakaidi, wote hupenda dhahabu. Kabla ya mapumziko, mvulana mmoja mfupi kuliko wenzake alikwisha kupata jina jipya. Kwa siku kadhaa hakunyosha mkono darasani.

Nilipotafakari niliona kwamba chombo kile kile kilichofaa kwa joka ndicho kilichomdhuru mtoto. Joka halipo, ukisema majoka yote yana tabia moja, hujamdhulumu mtu. Lakini watu wafupi wapo, na jina Mbilikimo limetumika pia kuwaita watu wa misitu ya Ituri huko Kongo, ambao ni wazazi, wawindaji na majirani kama watu wengine. Kumwandikia mtu tabia kwa kipimo cha mwili wake si mchezo tena.

Dawa niliipata katika masimulizi ya Wachaga. Wao husimulia juu ya Wakonyingo, watu wadogo wenye vichwa vikubwa wakaao juu Kilimanjaro. Kijana aitwaye Mkunare, akitafuta msaada kwa ajili ya nyumba yao yenye njaa, aliwafikia akadhani ni watoto, akawataka wamwonyeshe baba zao. Wakamwambia angoje mpaka baba zao waje. Akangoja hadi jioni, wakala mbele yake, naye akarudi na njaa yake. Ndugu yake Kanyanga alikuwa amemhudumia bibi kizee mgonjwa wa macho njiani, naye akaonywa kwamba wale ni watu wazima, washauri wa mfalme. Aliwasalimu kwa heshima, akapokewa, na akarudi na ng'ombe.

Tulipoucheza mchezo huo, kundi ambalo halikuwaamkia wenyeji kama wazee lilikaa kipindi kizima likingoja baba zao. Mvulana yule ndiye aliyekuwa mfalme wa Wakonyingo. Alijitolea mwenyewe, wala mimi nisingethubutu kumteua. Sisemi kwamba jina lile lilifutika siku hiyo. Nasema kwamba darasa zima lilipata kuonja gharama ya kumpima mtu kwa urefu wake, jambo ambalo karipio langu la asubuhi halikuweza.

Basi nawashauri walimu mambo matatu. Kwanza, msinunue kitabu. Wanafunzi na wakitunge wenyewe katika daftari moja la darasa, kwa viumbe waliowasikia kwa mabibi na mababu zao, Wabondei, Wasambaa, Wadigo au wageni. Pili, kila kiumbe aandikiwe anachotaka, anachoweza na asichoweza. Hilo la mwisho lisiachwe kamwe, kwa sababu bila udhaifu wa joka hakuna kazi kwa akili ya paa. Tatu, viumbe wenye umbo la watu wasiandikiwe tabia ya jumla. Kila mmoja apewe jina lake na haja yake.

Mwenzangu bado anasema kwamba hatukuajiriwa kufundisha mazimwi. Ni kweli. Tumeajiriwa kufundisha watoto kupima jambo kabla ya kulitenda, na kulitetea kwa maneno yaliyopangika. Nyoka wa vichwa saba amenisaidia katika kazi hiyo, nami sioni sababu ya kumfukuza darasani.