NAMBA ISEMWE MBELE YA KUTUPA DADU



Kuna mabishano karibu kila fasi watu wanapocheza na dadu, ao dé kama tunavyosema hapa Kamina. Mumoja anatupa, namba inatoka ndogo, anaanza kupiga kelele: «Ile haihesabike, iligonga kitabu!» Mwingine anatoa namba kubwa, wenye kujua wanamujibu: «Haitoshe.» Haitoshi namna gani, na hakuna aliyesema mbele ni ngapi inayohitajika? Mu ludo ubishi huu ni mudogo, sababu sheria inajulikana: bila 6 hautoki nyumbani. Lakini mu michezo ya kisa ubishi iko mukubwa, na wapya njo wanaumia.

Kwa wale wasioijua: mu muchezo wa kisa watu wanazunguka meza, kila mumoja anashika nafasi ya mutu fulani wa hadithi, na mumoja kati yao anaongoza. Ule unaojulikana zaidi, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na leo jaribio lake linafanywa na dadu ya pande 20. Mwingine, Traveller wa mwaka 1977, unatumia dadu 2 za pande 6, sawa na zile za ludo. Nitaeleza na huu wa pili, sababu dadu zake tunazizoea.

Sheria ni nyepesi. Mutu wako anapojaribu jambo la mashaka, unatupa dadu 2, unajumlisha, unaongeza pointi za ujuzi wake. Ikifika 8 ao kupita, amefaulu.

Tuchukue mufano: anataka kuvuka muto Lomami na mutumbwi wakati wa mvua. Dadu 2 zinaweza kuanguka kwa namna 36. Zile zinazofika 8 ni namna 15. Mwenye ujuzi wa pointi 0 anafaulu basi mara 15 juu ya 36. Muvuvi mwenye ujuzi wa pointi 2 anahitaji 6 tu, na namna za kuipata ni 26. Mwaona, ujuzi unasaidia sana, lakini hatari haimalizike: mara 10 juu ya 36 hata muvuvi anashindwa.

Sasa mawazo yangu. Namba isemwe kwa sauti wakati dadu zingali mukononi. Kiongozi anayengojea kwanza dadu zianguke, kisha njo anasema «ilihitaji 9», huyo hapimi tena muto, anapima mutu. Rafiki yake atavuka, mutoto wa mwaka wa kwanza atazama.

Wengine watasema: «Ukimufunga kiongozi vile, hadithi itakufa na kutupa kumoja kubaya.» Hapana. Uwezo wake iko mbele ya kutupa. Kama maji yametulia, aseme 6 inatosha. Kama hakuna mashaka, asitupishe kabisa. Hakuna mutu anayetupa dadu ju ya kufungua mulango usio na kufuli. Tena aseme mbele kushindwa kutaleta nini: labda mutumbwi utasukumwa mbali, labda unga utaloa. Kushindwa kwa namna hiyo hakuui hadithi, kunaipeleka fasi ingine.

Kuna pia wanaosema dadu ni mambo ya kamari, Mukristo asiiguse. Jambo hili tusilicheke. Mu Biblia askari walipiga kura ju ya vazi la Yesu, lakini mitume nao walipiga kura, na Matia akahesabiwa pamoja nao (Matendo 1:26). Tofauti iko mu kile watu wanachotafuta. Siku mutakapoweka franka juu ya meza, mumeacha muchezo, mumeingia kamari, na mimi nitasimama upande wa wanaokataza.

Basi ninyi wakubwa munaoongoza, muwe na utaratibu mumoja: semeni jambo, semeni namba, semeni hasara, kisha dadu zitupwe mara moja mbele ya macho ya wote. Na ninyi wapya, musione haya kuuliza: «Ni ngapi?» Muulize mbele. Kisha dadu zikianguka, mukubali.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano