Maji ya angani



Sisi wa Mafia ndege zetu za Kilindoni ni ndogo; Dar ni kama nusu saa, hakuna chai wala soda. Lakini yapo mashirika yanayouza chakula na hata maji. Fastjet ilituletea mtindo huo mwaka 2012: nauli ya chini, begi na vitafunio ulipie.

Je, ni dhulma? Hapana. Biashara ni kuridhiana, na asiyekula asimlipie anayekula. Dhulma ni kuficha bei mpaka mtu yuko angani, hana duka la pili. Lakini maji, enyi wenye ndege, toeni bure. Kumnywesha mwenye kiu ni sadaka.

Nasi abiria tusimtukane mhudumu; bei hakupanga yeye. Ukinunua, mkaribishe jirani.

Wallahu aalam.