Mogoka Si Mtoto wa Kambo

Kuna ubaguzi mmoja hapa Majengo ambao hauna chama wala kabila, na hakuna anayeona haya kuutangaza. Ni ubaguzi wa watu wanaotafuna vijiti dhidi ya watu wanaotafuna majani. Mla miraa akimwona mla mogoka, anakunja uso kama ameona mtu akila kwa jalala. Wote wamekaa kwa benchi moja, wote shavu limefura, wote wana chupa ya maji na njugu mfukoni. Lakini mmoja anajiona mstaarabu, na huyo mwingine ni "hao vijana wa siku hizi".

Mashtaka nimeyazoea. Ati mogoka ni ya watoto. Ati inachemsha kichwa vibaya, handas yake haina adabu. Ati miraa ina madaraja, kuna giza, kuna kangeta, mtu anachagua kwa jicho na kidole, lakini mogoka ni kusomba tu na kujaza mdomo. Mzee mmoja wa hapa kwetu huwa anamalizia kesi hivi: "Kijana, hiyo ni chakula ya mbuzi." Wenzake wanacheka na kugonga meza. Buda, samahani, lakini hilo tusi ni lenu. Watu wasiotafuna wamewaita nyinyi mbuzi tangu mko vijana. Sasa mmepata wa kumrushia.

Hebu tuanze na shamba. Mmea ni mmoja, Catha edulis. Miraa ya vijiti inatoka Meru, kule Igembe na Maua. Mogoka, au muguka kama wenyewe wanavyoiita, inatoka Embu, hasa upande wa Mbeere. Ya kwanza unachuna ganda la kijiti kichanga, ya pili unatafuna majani teketeke, wengi wakiongeza Big G kupunguza uchungu. Kinachokufanya ukeshe ukipanga biashara utakazosahau asubuhi ni kilekile: kathinoni. Dawa hiyo huanza kupungua nguvu mara tu majani yakichumwa, ndiyo sababu zile pikapu za kutoka Meru hukimbia kama zimeiba. Wa Embu nao hukimbia. Tofauti zipo, za ladha, za nguvu, za namna ya kula. Lakini hakuna mpaka hapo wa kutenganisha muungwana na mhuni.

Mpaka wenyewe ni bei. Fungu la miraa nzuri linaweza kumaliza pesa ya mkokoteni ya siku nzima. Mogoka unanunua kwa sarafu. Kwa hivyo anayeitafuna ni yule anayebeba mizigo Gikomba, ni makanga, ni soja wa usiku, ni kijana aliyemaliza shule na hakuna mahali ameitwa. Tukisema mogoka ni chafu, tunajua tunamwongelea nani.

Na hii dharau haikubaki barazani. Mwezi wa Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku mogoka: isiingizwe, isiuzwe, isitumiwe. Kilifi ikafuata. Miraa ya vijiti ikaachwa iendelee na safari zake. Kabla mwezi haujaisha Rais Ruto alikuwa ameketi na viongozi wa Embu na kusema marufuku hayo ni batili, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria za kitaifa. Mahakama Kuu kule Embu nayo ikayasimamisha. Huku Majengo, wakubwa wa miraa walishangilia marufuku. Nilisikia kwa masikio yangu: "Wapige hiyo takataka, watuachie yetu."

Yenu? Mmesahau 2014? Uingereza ilipopiga miraa marufuku mwezi wa Juni mwaka huo, hapa kulikuwa na kilio. Tuliambiwa ni utamaduni, ni karo ya watoto wa Meru, ni wivu wa mzungu. Na kweli, baraza la washauri wa serikali yao wenyewe lilikuwa limesema ushahidi hautoshi kuipiga marufuku, wakapuuza. Msimamo wetu ulikuwa kwamba huwezi kuharamisha jani kwa sababu tu humpendi anayelitafuna, maana kule London watafunaji wengi walikuwa Wasomali na Wayemeni. Miaka kumi baadaye, maneno yaleyale ya Waingereza tukayachukua mzima mzima, tukamwelekezea kijana wa Likoni.

Sasa, msinielewe vibaya. Sijaja kuuzia mtu mogoka. Akina mama wa Pwani walioandamana hawakuwa wendawazimu. Mtoto wa darasa la saba anayetafuna ni msiba, na bei ya chini inamfungulia mlango. Kuna nyumba hapa ambazo pesa ya unga inaishia kwa kibanda, na kuna watu hawajalala vizuri tangu mwaka jana. Hayo ni kweli. Lakini ni kweli kwa mogoka na ni kweli kwa giza. Baba anayemaliza elfu moja kwa miraa ya kifahari huku mtoto amefukuzwa shule hajawa bora kwa sababu vijiti vyake vimefungwa vizuri kwa jani la mgomba.

Kwa hivyo mkitaka sheria, iwe ya wote: asiuziwe mtoto, vibanda vikae mbali na shule, na anayetaka kuacha apate mahali pa kusaidiwa bila kupigwa rungu. Mkitaka kuongea juu ya vijana kukaa kutwa wakitafuna, semeni kazi ziko wapi, maana hata ukiwanyang'anya majani, mchana utabaki na urefu uleule. Na kama hamtaki kuongea juu ya lolote kati ya hayo, basi wazee wangu, sogeeni kidogo kwa hilo benchi, mpeni kijana nafasi akae.