Kasha: lengalenga kwenye sahani ya jioni si chakula cha aibu

Saa kumi na mbili za jioni, kwenye vilima vya Kasha, katika komini ya Bagira, moshi wa mbabula huanza kupanda karibu wakati mmoja nyumba kwa nyumba. Maji ya bugali yamechemka, unga uko tayari, watoto wamerudi. Swali linalobaki ni lile lile la kila siku: bugali italiwa na nini? Siku hizi swali hilo limezaa lingine, ambalo linazungumzwa kwenye vituo vya afya, makanisani na sokoni: je, chakula cha jioni cha familia sherti kiwe na mboga za majani kila siku?

Kabla ya kujibu, inafaa kutazama neno lenyewe. Katika Kiswahili cha Bukavu, «mboga» ni kila kitu kinachosindikiza bugali. Mtu akila na sambaza, amekula na mboga. Akila na maharagi, amekula na mboga. Akipata kipande cha nyama, hiyo pia ni mboga, tena ile inayosifiwa. Kwa hiyo mama anaweza kusema kwa haki kwamba mboga haikukosa nyumbani mwake juma zima, na huku hakuna jani hata moja lililoingia kwenye chungu. Nyumba nyingine inaweza kula sombe siku saba mfululizo bila maharagi wala samaki, nayo ikasema vilevile kwamba mboga ipo. Nyumba hizo mbili zinatumia neno moja, lakini watoto wao wanakosa vitu viwili tofauti.

Jibu linalofaa ni ndiyo. Majani yasikose jioni. Lakini ndiyo hiyo ina masharti, na bila masharti hayo inaweza kumdhuru yule yule mtoto anayetakiwa kulindwa.

Kwanza, sababu za kusema ndiyo. Bugali ya muhogo inashibisha tumbo, lakini haina karibu kitu cha kujenga mwili wala cha kulinda macho. Lengalenga, sombe, matembele na majani ya maboga ndiyo yanayoleta sehemu kubwa ya vitamini A, pamoja na madini ya chuma yanayosaidia damu. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo ndio wa kwanza kuumia yanapokosekana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na katika hesabu hiyo muhogo na viazi havimo. Familia isiyoweka majani kwenye chakula cha jioni, hasa ile inayokula mara moja tu kwa siku, haina saa nyingine ya kuyapata.

Pili, majani ndicho chakula ambacho Kasha inaweza kujipatia yenyewe. Huu ni mtaa wa mji, lakini bado una sura ya kijiji: kuna mashamba kati ya nyumba, kuna migomba, kuna wamama wanaoshuka asubuhi na vikapu kwenda kuuza Bagira au Kadutu. Lengalenga inaanza kuvunwa karibu mwezi mmoja baada ya kupandwa. Inaota hata ndani ya mfuko uliojazwa udongo na kuwekwa kando ya ukuta. Inaiva kwa dakika chache, na hilo si jambo dogo katika mji ambapo bei ya makala inaamua chakula cha watu. Maharagi yanakula makala mengi na sombe pia. Lengalenga haihitaji hata nusu yake.

Hata hivyo, wapo wanaopinga, na hoja zao hazistahili kudharauliwa.

Wa kwanza wanasema kwamba kuweka sheria ya «kila siku» ni kuwatukana maskini. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, mabenki yalifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ulisimama, na faranga zikawa adimu mikononi mwa watu. Tathmini ya usalama wa chakula ya nchi nzima iliyotolewa mwaka huo ilihesabu watu milioni 28 hivi wenye njaa kali. Katika nyumba fulani, delestage, yaani kula kwa zamu, watoto leo na wakubwa kesho, si mzaha tena. Mama wa nyumba kama hiyo hahitaji mtu wa kumhesabia vitamini. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini inaonyesha pia kwamba majani ni jambo la haraka zaidi pale ambapo chakula ni kidogo. Anayekula mara tatu akikosa majani jioni, ameyapata labda mchana. Anayekula mara moja hana pa kufidia.

Wa pili wanasema majani hayatoshi, nao wana haki kabisa. Kivu Kusini inaujua ugonjwa wa bwaki kwa jina lake: mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinabadilika rangi, anakuwa mnyonge, hataki kucheza. Huko Lwiro, katika Kabare, ambapo kituo cha utafiti cha IRSAC kilianzishwa wakati wa ukoloni, waganga waliufuatilia ugonjwa huo miaka na miaka, na hospitali ya watoto ya hapo imewapokea wengi. Mara nyingi bwaki inamshika mtoto aliyeachishwa ziwa na kuingizwa moja kwa moja kwenye chakula cha wakubwa: bugali nyingi na mchuzi mdogo. Mtoto huyo akiongezewa majani tu, tumbo lake dogo litajaa kabla ya kupata kinachomjenga. Anahitaji pia maharagi, sambaza, yai, karanga au soya, na anahitaji mafuta. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka 5 katika nchi hii walikuwa wamedumaa, na Kivu Kusini ilikuwa na hali mbaya kuliko wastani huo. Udumavu wa namna hiyo hautibiwi kwa lengalenga peke yake.

Wa tatu hawasemi kwa sauti, lakini ndio wengi zaidi. Kwao, majani ni chakula cha asiyekuwa na kitu. Mgeni akija, sombe inafichwa na kuku anatafutwa, hata kwa deni. Mtoto akienda shule na kusema nyumbani walikula lengalenga, wenzake wanacheka. Aibu hiyo haina msingi. Sahani ya Kasha imebadilika mara nyingi, na hakuna aliyeona haya. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika, kama maharagi. Hata sambaza, ambazo leo zinaonekana kama mali ya ziwa Kivu tangu mwanzo, zililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kama wazee waliweza kukubali samaki mgeni hadi akawa fahari ya Bukavu, vijana wa leo wanaweza kuyarudishia majani ya kwao heshima.

Tena kuna jambo ambalo halizungumzwi sana: namna ya kupika na namna ya kugawa. Sombe haina budi kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ambayo moto na maji vinaiondoa. Hapo hakuna kufupisha njia. Lakini wengi, ili kuokoa makala, wanatia bikarbonati ili majani yalainike upesi, na hiyo inaua sehemu ya vitamini. Wengine wanachemsha lengalenga hadi inabadilika rangi, kisha wanamwaga maji yake, na faida nyingine inaondoka nayo. Kijiko cha mafuta ya mawese hakiharibu majani. Mafuta hayo mekundu yana vitamini A yake, na yanausaidia mwili kuchukua ile ya majani. Limau kidogo au nyanya mbichi inasaidia chuma kuingia katika damu, wakati chai inayonywewa palepale pamoja na chakula inakizuia.

Usafi nao una uzito wake. Katika jimbo ambalo kipindupindu kinarudi mara kwa mara, fungu la majani lililooshwa kwenye mfereji linaweza kuleta ugonjwa mkubwa kuliko ule linaozuia. Majani yaoshwe kwa maji safi na yaliwe yakiwa yameiva. Hapo sasa lawama haimwangukii mama peke yake. Robineti ikikauka siku nyingi, maji safi ya kuosha lengalenga yatatoka wapi?

Kuhusu kugawa, kila mtu anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Sambaza chache zilizopatikana zinawekwa kwenye sahani ya baba, kwa heshima. Watoto wanapata bugali na mchuzi, na mama anakwangua chungu. Desturi hiyo ilikuwa na maana yake wakati chakula kilipokuwa kingi. Leo, baba anayetoa nusu ya sambaza zake na kuzihamishia kwenye sahani ya mtoto wa miaka miwili hapungukiwi heshima. Mganga wa hospitali asingeweza kumfanyia mtoto huyo jambo lililo bora zaidi jioni hiyo.

Kwa hiyo, wanaotaka kila familia ya Kasha iweke majani mezani kila jioni wasiishie kwenye mahubiri. Viongozi wa komini wanaogawa vipande vya ardhi wanaweza kuacha nafasi ya bustani kabla kilima chote hakijajaa nyumba na mmomonyoko. Barabara zinazoshuka kutoka Kasha kwenda sokoni zikitengenezwa, mama hatafikisha mzigo wake umenyauka nusu. Shule zinaweza kuwa na kitalu cha lengalenga kinachotunzwa na wanafunzi wenyewe, ili mtoto ajue kwamba jani hilo si la kuchekwa. Watafiti wa INERA huko Mulungu, ambao wamefanya kazi nyingi juu ya maharagi, wanastahili kusikika hadi vilimani, si kwenye semina za hoteli tu. Na zaidi ya yote, njia kati ya mashamba ya Kabare, Walungu na Kalehe na masoko ya Bukavu sherti ziwe wazi na salama. Mkulima anayeogopa kwenda shambani hana cha kupeleka mjini.

Lakini kabla ya hayo yote kutimia, jioni ya leo itafika. Kwa familia inayoweza, kipimo si kigumu: fungu moja la majani lililooshwa vizuri, maharagi au konzi ya sambaza, kijiko cha mafuta ya mawese, na bugali. Kwa familia isiyoweza vyote, majani yawe ya kwanza kutafutwa, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Maharagi yafuate mara tu faranga inapopatikana, na mtoto mdogo apakuliwe kabla ya wakubwa. Jirani mwenye lengalenga nyingi bustanini anajua ni mlango gani wa kubisha. Kasha haijawahi kuona haya kuazimana chumvi na moto. Kuazimana fungu la majani hakupaswi kuwa kugumu zaidi.