Michongoma haizuii kelele za malori

Mwandishi, hapo uliposema miti inazuia kelele sikubaliani nawe. Sisi wa Ngaramtoni tunaoishi kando ya barabara ya Namanga tuna michongoma iliyoshonana, na bado lori likipunguza mwendo kwa injini kabla ya tuta, vikombe vinagongana kabatini. Sauti inapenya majani bila shida. Kinachosaidia ni ukuta mzito wa tofali usio na matundu, mrefu kiasi kwamba ukiwa dirishani huyaoni magurudumu wala injini. Geti la nondo linaharibu kazi yote; liwe la bati nene. Watoto walale vyumba vya nyuma. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kelele za barabarani usiku zisifike desibeli 45. Huku usiku ndiyo zamu ya malori!