Maharagi yafunze hesabu Kirotshe

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali Kongo ni ya bure. Lakini Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu, vita vya eneo la Masisi vimevuruga masomo mara nyingi, na mtoto wa miaka sita hangoji amani ndipo akue. Mvua za Aprili zikimfungia ndani, mama anayechambua maharagi amgawie kiganja kimoja: ahesabu kumi, atoe matatu, aseme yaliyobaki. Kwa kipande cha makala ataandika jina lake ubaoni. Baadhi ya wazazi wanasubiri mtoto afundishwe kwa Kifaransa shuleni; wanasubiri nini? Sheria ya elimu ya 2014 yenyewe inaruhusu mtoto aanze kusoma kwa lugha ya kwao. Na ili masomo ya shule yarudi, wenye bunduki, nao, waondoke madarasani.